Saa Kumi na Tatu

Juzi niliona 13:05 kwenye simu ya binti yangu, nikakumbuka kompyuta ambayo Baba aliileta nyumbani kutoka ofisi ya kiwanda cha majani chai. Nilikuwa mtoto; mchana mmoja mvua ilipiga mabati, na harufu ya majani yaliyokaushwa ilijaa sebuleni. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na 13:05; saa zote nilizozijua ziliishia kumi na mbili, kwa hiyo niliamini kompyuta imeharibika na Baba atafutwa kazi.

Alipoingia na gambuti zake, nililia, "Baba, imeandika kumi na tatu!"

Alicheka. "Ni mimi niliyebadilisha saa yake asubuhi, mama. Inahesabu mpaka ishirini na nne."

Akabonyeza, ikarudi 1:05. Nilipanda mapajani mwake, nikalala hapo hapo, mashavu bado yamelowa.