Mawe Juu ya Mafiga

Mvua za Kyela zilipopumua kidogo, nilirudi kwa mama, kijijini Busale, kutafuta mafuta ya petroli ndani ya mawe. Ndiyo kazi yangu. Wiki nzima nilishinda kijitoni nikichimbua tope la kale lililogeuka jiwe, jeusi, la kumenyeka kwa kucha. Zamani sana hapo palikuwa chini ya kina cha maji. Nilifumba macho nikauona mwani ukizama taratibu, ukilala topeni, ukifunikwa, miaka isiyohesabika, bila wa kuuamsha. Mara nyingine nilisahau kama nina nyundo mkononi.

Jioni mama aliniuliza, "Yana mafuta, mwanangu?"

"Malighafi imo, Mama, ule mwani wa kale. Sijui kama yameiva. Tope lisilopata joto la kutosha huko chini halitoi mafuta."

"Na yakiwa yameiva?"

"Huenda kampuni ikafungua ofisi hapa. Nitahamia nyumbani."

Aliendelea kupepeta mchele. Tangu baba afariki, anakula peke yake kwenye nyumba ya vyumba vinne.

Asubuhi ya kuondoka nilikuta mifuko yangu ya sampuli mitupu. Mama alikuwa jikoni. Mawe yote alikuwa ameyapanga kwenye uchaga wa juu ya mafiga, anapokaushia mbegu za mahindi, na chini yake moto wa kuni za mwembe unawaka kwa raha zake. Yalikuwa meusi kwa masizi, yananuka moshi. Moshi huacha mafuta yake kwenye jiwe, na jiwe hilo halifai tena kupimwa. Mimi hasira zangu ziko karibu, nilifoka. Mama akasogeza ukuni motoni.

"Si ulisema hayajapata moto?"

Naona haya mpaka leo. Nilibaki wiki nyingine, nikachimbua upya, naye kila siku akanipikia mbalaga, chakula chetu cha ndizi, ndizi zenyewe za nyuma ya nyumba. Alikuwa akiimba. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu msiba.

Majibu ya maabara yalipotoka, nilimpigia simu. Tope la kijito chetu bado changa, nilimwambia. Ofisi haitakuwepo.

Nilisikia kuku wake uani.

"Na yale niliyoyapika mimi," akasema polepole, "uliyapima?"