Suruali ya Jeshi na Shingo ya Baba

Juzi nilikwenda mnadani Didia kutafuta jogoo wa mbegu. Jogoo sikupata. Nikamwona kijana anajizungushia kiuno cha suruali shingoni, anapima kabla ya kununua, nikasimama pale pale. Ndugu yangu, ilikuwa kama nimemwona baba.

Shule niliishia darasa la pili, usinidai tarehe. Uhuru ulikuwa bado mpya. Tulikaa Ibadakuli, na baba alikuwa Nyarugusu anachimba dhahabu, mwaka wa pili hajarudi. Siku moja mchuuzi wa dagaa akamletea mama maneno: "Mzee anasema hawezi kuingia kijijini matako nje." Suruali yake ilikuwa imeishia shimoni. Mama alimaliza kutwanga kwanza, akafunga karanga zake kwenye kaniki, tukashika njia ya mjini.

Duka la Mhindi siku zote lilinukia jira na mafuta ya taa. Siku ile lilinuka dawa ya nondo pia, maana alikuwa amefungua robota la suruali za jeshi, masalio ya vita vya Wazungu. Kaki nzito, mfuko wa pajani unameza kuku mzima. Kila moja ilishonewa kitambaa cha namba kwa ndani. Mama akachagua yenye namba kubwa kuliko zote. Kama bei ni moja, mjinga nani?

"Hapana, mayu," Mhindi akacheka, akimwita mama kwa Kisukuma. Kisukuma alikijua kunizidi. "Namba si utamu. Hii ya juu ni urefu wa askari, hii ya chini kiuno chake. Shingo ya mzee iko wapi tupime?"

"Iko shimoni, Nyarugusu."

"Basi kailete!"

Nikadakia kwamba shingo ya baba naijua mimi. Jioni alikuwa akinibeba mgongoni kutoka shambani, mikono yangu imemzunguka, vidole vimeshika kifundo cha mkono wa pili. Nikakunja mikono vile vile. Mhindi akazungusha kiuno cha suruali ndani yake, moja ikazidi, nyingine ikapelea, ya tatu ikakaa. Mama akaipapasa kama anapapasa mtu.

Mchuuzi akaipeleka. Pamba haijapasuka, baba akatokea njiani, suruali ameikusanya kwa kamba ya katani kama mdomo wa gunia. Mama aliitazama ile kamba kabla ya uso. Mimi nikaangua kilio, nimekosea kupima!

Baba akachuchumaa, akanipandisha mgongoni. "Hukukosea, mayu wangu. Mikono yako imekua. Kiuno changu ni kile kile."

Nikaamini. Nikamzungusha mikono, vidole vikapita kifundo, vikapanda mpaka karibu na kiwiko. Nilifurahi mno, kumbe nimekua hivyo!

Fundi cherehani alitaka kuipunguza, mama akamkatalia. "Usiiguse. Ataijaza." Akamlisha ugali wa mtama, maziwa mgando, michembe ya viazi vikavu kwa karanga. Lakini lile vumbi la mwamba alikuwa amerudi nalo kifuani, akikohoa tunamsikia mpaka zizini. Kamba haikufunguliwa.

Sasa duka lile wanauza simu. Mama naye keshamfuata baba kaburini, na suruali iliishia kuwa mfuko wa mbegu. Pale mnadani yule kijana alinigeukia: "Shikamoo bibi. Unasikia baridi?"

Jua lilikuwa utosini. Nilikuwa nimekunja mikono kifuani, vidole vinatafuta kifundo.