Niliambiwa nile karanga kiganja kimoja kwa ajili ya cholesterol, nikala sahani

Wakuu, salamu kutoka Nchelenge, huku kando ya ziwa Mweru.

Naanza na ujinga wangu mwenyewe ili msinicheke katikati. Niliambiwa nile karanga kiganja kimoja kwa siku, mimi nikala sahani. Miezi mitatu. Na nilijiona mgonjwa mtiifu kuliko wote.

Sibuni, kadi ya kliniki ninayo.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kazi yangu ni kuchaji simu za wavuvi kwa sola, hapo hapo barazani, kwa hiyo safari yangu ndefu ya siku ni kutoka kiti hadi jikoni.

Nilipopima, cholesterol ilikuwa juu. Baba yangu alikufa kwa ugonjwa wa moyo, ghafla, bado ana nguvu zake. Niliogopa, sifichi.

Ba Sister, muuguzi wa kliniki, akaniambia (Ba Shi Mutale ndiyo Baba Mutale, yaani mimi): "Ba Shi Mutale, tujaribu chakula kwanza. Acha vitumbua vya asubuhi, kula karanga kiganja kimoja. Ukirudi na mafuta yale yale, tunaanza vidonge."

Karanga nilizisikia. Kwenye kuacha vitumbua, masikio yalikuwa yameshapumzika.

Nikawa mteja mkubwa wa jirani yetu Mama Ilunga, aliyetoka Congo, anauza karanga mlangoni kwake. Nyumbani zikakaangwa kwa mawese, chumvi juu, maana kavu nilisema zinakwaruza koo. Vitumbua vikabaki pale pale. Jioni visashi, yaani mboga za majani zilizopikwa na karanga za kutwanga, nazo nikazihesabu dawa.

Mke wangu akaangalia sahani yangu ya nshima, ugali wetu wa huku, akauliza, "Dawa gani inamezwa na nshima mabonge manne?"

Nikamwambia hajui sayansi. Mimi sayansi nilifeli Grade 12, lakini hilo sikulitaja.

Kurudi kliniki: cholesterol haijashuka, pressure imepanda, uzito usiseme. Ba Sister akauliza nakula nini. Nilipofika kwenye mawese akaweka kalamu chini.

Akanieleza polepole, kama mtu anayeongea na mtoto. Mafuta ya karanga ni rafiki wa moyo, yanaweza kusaidia kushusha cholesterol mbaya, ila yachukue nafasi ya mafuta mabaya. Ukiyaweka juu ya hayo mengine, unanenepa tu. Na chumvi inapandisha pressure. Akanipa miezi mitatu tena, ya mwisho.

Safari hii nilifuata. Karanga za kuchoma kavu, bila chumvi, kiganja kimoja basi. Vitumbua niliviaga kwa uchungu. Samaki wa kuchemsha. Tena nikawa natembea kwa miguu hadi soko la Kashikishi, watu wakauliza nyumbani kuna msiba gani.

Nikapima tena. Imeshuka! Si sana, ila vidonge sijaanza.

Nilichojifunza: karanga zinasaidia, lakini hazifuti uliyokula kabla yake. Na mwenye vidonge tayari asiviache kwa sababu ya uzi wangu, aulize kliniki kwanza.

Nani mwingine amejaribu? Semeni, hata kucheka ruksa.

Mimi nimeshachekwa. Nilienda kumshukuru Mama Ilunga, nikamwambia karanga zake zimeniokoa. Akaniangalia tumbo, akasema:

"Papa Mutale, karanga ni zile zile. Chenye kilipunguka ni ulafi yako, na ingine ingali mingi."