Nyuma ya Mei Nane

Kama umewahi kuchana ukurasa wa kalenda asubuhi, ukasoma kwamba siku kama ya leo mtu wa kwanza alikanyaga mwezi, halafu ukageuza upande wa pili ukaandika "sukari, sabuni, betri mbili", basi umeshakutana na Bibi Tarehe bila kujua. Ile sentensi ya mwezi aliiandika yeye. Sabuni ni shauri lako.

Jina hilo walimpa kiwandani tangu hajaota mvi hata moja. Ni kiwanda kidogo cha uchapaji: chumba kimoja kirefu, mashine mbili, kisu cha kukatia karatasi ambacho wafanyakazi wanakiheshimu kuliko bosi, na harufu ya wino inayokufuata mpaka mezani kwako. Kazi yake mwaka mzima ni kusahihisha makosa ya watu kwenye kadi za mialiko na vitabu vya risiti. Lakini ikifika miezi ya mwisho wa mwaka anakabidhiwa kalenda ya kuchana, na hapo ndipo roho yake inapokaa. Kila siku ina ukurasa wake, na kila ukurasa una sentensi moja chini ya tarehe, ya jambo lililoigeuza dunia siku hiyo. Masharti ni mawili, na aliyaweka mwenyewe. Jambo lenyewe lazima alikute katika vitabu viwili tofauti. Na sentensi isizidi maneno kumi na tano, mwaka hauhesabiwi, kwa maana nafasi iliyobaki chini ya tarehe ni finyu na haina huruma.

Maneno kumi na tano ya kusema kwamba watu wameitazama dunia yao kutoka mbali wakaiona ni duara la buluu! Akishamaliza sentensi ya namna hiyo, Bibi Tarehe hawezi kukaa. Hutoka mlangoni akasimama kidogo, akatazama barabara: huyu anapanga nyanya, yule anagombana na mnyororo wa baiskeli. Humjia mshangao ule ule kila mwaka, kwamba siku zile kubwa zote zilianza hivi hivi, watu wakitafuta kiatu cha pili chini ya kitanda. Mnyoofu, mwendesha mashine, aliyepewa jina hilo kwa sababu mstari ukipinda kidogo hali wala halali, humcheka. "Umeshaenda tena? Ukirudi kutoka mwezini tuletee chai."

Nyumbani anaishi na baba yake mzee, mtu wa miaka themanini na mitatu. Huyu ndiye msomaji wake wa kwanza. Kila asubuhi mzee huchana ukurasa, husoma kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari, kisha huuweka karibu na simu kwa ajili ya orodha za dukani. Isipokuwa ukurasa mmoja. Tarehe nane Mei ikifika, mzee husoma, "Vita Kuu ya Pili ya Dunia yamalizika barani Ulaya, kengele zalia, watu wajaa barabarani," halafu huukunja mara mbili akautia mfukoni. Bibi Tarehe alijua sababu, au alidhani anajua. Babu yake alipelekwa vita ile, akarudi na mguu mmoja mfupi. Kwa hiyo kwa miaka ishirini na miwili hakuigusa sentensi hiyo. Nyingine alizibadilisha alivyotaka, ila ile aliiacha kwa heshima ya baba yake, na kila mwaka akajisikia mtoto mwema.

Sasa mwaka huo macho ya mzee yalianza kuharibika. Presha ya macho, daktari alisema. Jicho la kushoto lilikuwa limeshaaga, la kulia lilikuwa linafunga mizigo. Asubuhi moja ya Oktoba walikuwa wanajiandaa kwenda kliniki, na mzee akasema kadi yake iko kwenye lile sanduku la bati chini ya kitanda. Bibi Tarehe akapiga magoti, akalivuta, akalifungua.

Kadi ilikuwepo. Chini yake palikuwa na kurasa ishirini na mbili za kalenda, zote za tarehe nane Mei, zimefungwa kwa uzi. Akazigeuza. Nyuma ya kila moja mzee alikuwa ameandika kwa penseli maneno mawili yale yale, mwandiko ukizidi kutetemeka mwaka hadi mwaka: *Ndui kwisha.* Pembeni palikuwa na kitambaa, ndani yake sindano fupi ya chuma yenye ncha mbili kama uma mdogo, na picha iliyochakaa ya uso wa mtoto uliojaa malengelenge.

 Alilifunga sanduku, akampeleka baba yake kliniki, akamrudisha, akamwandalia chai, kisha akaenda kiwandani akafungua kile kitabu kinene cha mambo ya tiba ambacho kwa ajili ya mwezi wa Mei hakuwahi kukigusa. Kwa nini akiguse? Siku ikishapata sentensi yake, yeye huifunga. Kitabu kikamwambia wazi: tarehe nane Mei mwaka 1980, mkutano wa afya wa dunia ulitangaza kwamba ndui haipo tena mahali popote. Akatafuta kitabu cha pili. Kikasema vivyo hivyo.

Akaketi, akashika tama. Miaka ishirini na miwili alikuwa anampa baba yake vita, katika siku ambayo ilikuwa ya mzee mwenyewe, na baba yake alikuwa anapokea na kushukuru. Aibu ikamchoma hadi masikioni.

"Baba," alimwambia jioni, "mimi nilijua ulikuwa karani wa stoo ya dawa."

"Hiyo ilikuwa baadaye." Mzee alikuwa ameshika ile sindano, anaipapasa. "Kabla ya hapo nilikuwa mchanjaji. Wewe mwenyewe nilikuchanja, ukanitapikia. Unachovya ncha kwenye dawa, unachoma mahali pamoja, upesi upesi, michomo kumi na tano, mpaka damu ichungulie. Kumi na tano, siyo kumi na nne. Nilihesabu mpaka usingizini. Mama yako alikuwa ananiamsha, anasema, baba nanihii, umenidonoa tena."

"Na hii picha?"

"Ah, hiyo ndiyo kazi ya mwisho." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Walituambia, tembeeni, onyesheni hii picha, ulizeni nani amemwona mtu wa namna hii. Mwanzoni nilikuwa naionyesha, mtu ananishika mkono ananipeleka ndani. Kila mahali, mama. Halafu ikaanza kupungua. Halafu nikatembea siku kumi na moja, nyumba hadi nyumba, naonyesha picha, watu wanatikisa kichwa. Hatujamwona. Hatujamwona. Mmoja akaniletea mtoto wa tetekuwanga, maskini, hakutaka nirudi mikono mitupu. Siku ya kumi na moja nilikaa chini njiani nikalia. Ugonjwa uliowaua wafalme na watumwa, miaka yote hiyo, na mimi nabisha hodi kuuliza kama upo, naambiwa haupo."

Bibi Tarehe alihisi vinyweleo vinamsimama mikononi. Alikuwa amesoma habari za dunia nzima, na dunia nzima ilikuwa inakunywa chai kwenye kiti cha pili cha sebule yake.

"Kwa nini hukuniambia? Kila mwaka nakuandikia vita!"

"Ulikuwa umeiandika vizuri. Na babu yako naye alirudi kwa sababu ya siku ile, usije ukaiondoa." Mzee akacheka kidogo. "Halafu ningesema nini? Aliyejenga daraja anakuonyesha daraja. Mimi kazi yangu ni kitu ambacho hakipo. Nikuonyeshe wapi?"

Kesho yake alikuwa mbele ya meza ya bosi kabla bosi hajavua koti.

"Mei imeshachapwa," bosi akasema. "Iko kwenye rafu, imekauka, inasubiri kisu tu. Ukurasa mmoja una sentensi moja. Masharti yako hayo, siyo yangu."

"Mbele sigusi. Nataka nyuma."

"Nyuma ni ya kuandikia sabuni!"

"Bosi, vua koti, kunja mkono wa shati. Wa kushoto."

Bosi alimtazama kama mtu aliyepungukiwa, lakini akakunja. Juu karibu na bega palikuwa na kovu la mviringo, kubwa kama kifungo cha koti. "Hili? Hili nimekua nalo tu," akasema. Bibi Tarehe akamweleza kwamba ni alama ya chanjo ya ndui, akamweleza habari za picha, na siku kumi na moja, na jicho linalofunga mizigo. Akamwambia nia yake ni moja: mzee asome siku yake kwa macho yake kabla giza halijaingia. Bosi aliweka kidole juu ya kovu, anakizungusha.

"Ipite mashine mara moja," akasema hatimaye. "Ikiharibika, Mei yote unainunua wewe."

Kwenye karatasi kubwa Mei hupangwa siku saba kwa mstari, na nane huanza mstari wa pili, pembeni kabisa kushoto. Mnyoofu akapanga sentensi nyuma, mstari wa pili, pembeni kabisa kushoto, akapitisha karatasi moja ya majaribio, akaikata kwa mbwembwe. Bibi Tarehe akachukua ukurasa wa nane na kuugeuza. Mweupe. Sentensi ilikuwa imekaa nyuma ya tarehe kumi na nne! Mnyoofu, miaka kumi na sita kwenye mashine, alikuwa amesahau kwamba karatasi ikigeuzwa, kushoto huwa kulia. Alijipiga kofi la paji la uso lililosikika mpaka kwa bosi. "Msinitazame hivyo," alisema, akaanza upya, na siku hiyo hakumcheka mtu tena.

Miezi ikaenda, na jicho nalo likaenda nayo. Machi mzee alikuwa bado anasoma tarehe. Aprili akawa anamwachia binti yake ile sentensi, kwa kisingizio cha miwani chafu. Bibi Tarehe aliisafisha miwani ile kila siku, roho juu, akijua fika kwamba haikuwa na uchafu.

Asubuhi ya tarehe nane Mei mzee alichana ukurasa mwenyewe. Aliuinua karibu na dirisha. "Nane," akasema, hiyo kubwa aliiona. Vita aliisema kwa kichwa, na kengele zake. Alipotaka kuukunja, Bibi Tarehe akamzuia mkono.

"Geuza, Baba."

Akageuza. Akausogeza karibu, akaupeleka mbali, akaupeleka kwenye mwanga.

"Kuna kitu hapa," akasema. "Naona kuna kivuli cha maandishi. Sisomi, mama."

Machozi yalimlenga Bibi Tarehe, lakini akajikaza. Alivuta kiti, akaketi ubavuni kwake, akapandisha mkono wa gauni, akauchukua mkono wa mzee akauweka begani pake, pale penye kovu lake la chanjo. Kisha akasoma polepole, neno moja moja. Kwa kila neno kidole cha mzee kiligonga mara moja, mahali pale pale.

"1980. Ndui, iliyoua watu kwa maelfu ya miaka, yatangazwa imetoweka duniani; wachanjaji walitembea nyumba hadi nyumba."

Kidole kikatulia juu ya kovu. Huko nje mtu alikuwa anavuta komeo la mlango wa duka, siku inaanza kama siku zote.

"Kumi na tano," mzee akasema. "Rudia, mwanangu. Nataka kuhakikisha sikukosa hata mmoja."