Nilivyorudi Mnene Kutoka Misheni ya Burundi

Msinicheke. Kanisa letu hapa Kirushya lilipotafuta waimbaji wa kwenda misheni Burundi, nilinyoosha mkono kabla ya wote. Nilikuwa nawaza vitenge vya kule. Siku ya kurudi nikavaa nilivyonunua, kimoja juu ya kingine, ili nivuke forodha ya Kabanga mpakani bila kulipa ushuru. Nikavuka salama, ila basi likatupeleka moja kwa moja kanisani kupokelewa.

“Mama Neema,” mchungaji akaniuliza mbele ya waumini, “nini kilikusukuma uende?”

“Kiu ya kuokoa roho za watu, mchungaji!” Nikaruka kwa shangwe.

Fundo la vitenge kiunoni likafunguka. Kikaanguka cha kijani, cha bluu, cha njano, vyote na lebo zake, nikabaki na sare ya kwaya.

Mke wa mchungaji akaninong'oneza, “Hicho cha njano unauzaje?”