Aliyeshukiwa Kutia Sumu Kwenye Tangi la Tope

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa majitaka wa hospitali moja mjini Bukoba alinipeleka kwenye tangi kubwa lililofunikwa, akaniambia, "Binti, humu ndani mna vijidudu visivyotaka hewa. Vinakula tope, vinatoa gesi, na gesi ile ndiyo inayopikia wagonjwa uji. Vikifa, tutaulizwa mimi na wewe."

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ujamaa. Mimi nilikuwa msaidizi wa maabara, mzaliwa wa Kamachumu. Kazi yangu ilikuwa kuchovya karatasi ya litmasi kwenye tope: ikigeuka nyekundu, tope limechacha na vijidudu vinaumia. Mlinzi wa tangi alikuwa Ta Byabato ("Ta" ni neno la Kihaya la kumheshimu mzee), mtu wa Ijumbi, mpole, asiyependa maswali.

Baada ya miezi michache moto wa jikoni ulianza kufifia. Karatasi zangu zikawa nyekundu, na harufu ikapanda mpaka wodini. Wapishi wakarudi kwenye kuni.

"Kuna mtu anatia kitu," Msimamizi alisema. "Umeona gunia la Byabato?"

Nilikuwa nimeliona. Kila Jumamosi alipokwenda kwao alipita nyuma ya tangi akiwa nalo, na nikimsalimu analihamishia upande wa pili. Nilianza kumvizia dirishani. Alipoosha mikono nilijiuliza anaosha nini. Nilimwuliza mara moja, "Ta, umebeba nini?" Akajibu, "Mambo ya nyumbani, mwanangu," akaondoka.

Neno hujuma lilikuwa jepesi mdomoni siku zile. Mwenyekiti wa tawi la chama aliita mkutano wa wafanyakazi, akataka Ta Byabato apelekwe polisi. Msimamizi aliunga mkono. Mimi nikaomba kwanza nipime mifereji yote, maana mtu mmoja angehitaji sumu nyingi mno kuchachusha tangi zima.

Nilipanda na mfereji kuelekea wodini, nikichota maji kila penye mfuniko. Penye mfuniko wa wodi ya wazazi yalinuka dawa kali. Matroni mpya, mpenda usafi, alikuwa ameagiza sakafu zimwagiwe dawa ya kuua vijidudu asubuhi na jioni.

"Nimeua wadudu wa ugonjwa," alinijibu. "Kosa liko wapi?"

"Umeua na wa kwetu, Sista."

Alipunguza dawa. Tukapunguza tope tunaloingiza, tukatia chokaa kidogo kuondoa uchachu, tukaleta kwa lori tope lililoiva kutoka shimo la shule ya bweni ya Kamachumu liwe mbegu ya vijidudu vipya. Tulikoroga kila siku. Moto ukarudi, safari hii mkubwa kuliko mwanzo.

Lakini mkutano ulipoitwa tena, Mwenyekiti hakuridhika. "Na gunia?"

Ta Byabato alisimama mbele ya watu wote. "Lina tope kavu, lile linaloanikwa vitandani likishatoka tangini. Naweka kwenye migomba yangu. Nilificha kwa sababu nawajua majirani."

Watu wengine walicheka. Hakupelekwa polisi, ila hakuna aliyemwomba radhi, na Msimamizi aliendelea kumpekua kila Jumamosi. Habari za tope lile kwenye migomba zilifika Ijumbi kabla yake. Ndizi zake zikakosa mnunuzi, na hata kwenye misiba chakula kilichotoka kwake kilibaki kwenye majani ya mgomba bila kuguswa. Aliacha kazi mwaka huohuo.

Mimi niliendelea, nikahamishiwa Muleba, nikawa msimamizi, nikafundisha vijana kukoroga tope na kulitia mbegu, mpaka nikastaafu. Kila kifaa kilipoharibika, nilisikia kwanza jina la mtu, kisha ndipo sababu.

Baada ya kustaafu nilikwenda Ijumbi kumwona. Alikuwa mzee sana. Mkewe alituwekea matoke na maharage. Mikungu ya migomba yao ilikuwa mikubwa, imeegemezwa kwa miti isianguke.

"Karibu, waitu," alisema kwa Kihaya cha heshima, lakini yeye hakugusa chakula. Alikuwa ananitazama mkono, si uso. Nikamega, nikala, nikaomba ndizi nyingine. Ndipo na yeye akanawa.