Safari Aliyoipanga Waziri

Kazi yetu ni kufua mashuka ya hospitali, na shuka la kitanda halikunjwi na mtu mmoja. Mwenzangu anashika ncha mbili, mimi nashika mbili, tunalivuta, tunakutana katikati, tunachukua lingine. Habari zake nazipata hivyo, kipande kwa kipande, kila tunapokaribiana. Tena ni jirani yangu, tumegawana ukuta, kwa hiyo yale asiyonieleza kazini huwa nayasikia nyumbani bila hata kutega sikio.

Nduguze wanamwita Waziri, yaani Waziri wa Mipango. Ukilisikia jina hilo utadhani wanamheshimu. Harusi za wadogo zake kazipanga yeye, matibabu ya mama yao kayapanga yeye, hata gari la kuhamisha makochi ya mdogo wake wa kiume alilitafuta yeye. Huyo mdogo wake ana duka la vipuri vya magari na anapenda kuongoza vikao kuliko kula, basi mimi nikambandika jina la Mwenyekiti. Baada yake yuko kitinda mimba, karani wa benki, ambaye tangu aolewe hajashika ufagio katika nyumba ya mama yake.

Mwaka huu Jumatatu moja ilitangazwa kuwa mapumziko. Kitinda mimba akaja na wazo kwamba familia iende kwenye ule mji wa kale wenye ngome na vichochoro, watembee, wale vizuri, warudi Jumatatu jioni. Waziri alinipa habari hiyo akiwa ameshika ncha za shuka, kasahau kulivuta.

"Safari hii naenda," aliniambia. "Nakwambia, mdogo wangu, hii naenda."

Nilijua uzito wa maneno hayo. Alipomaliza shule alipata nafasi ya chuo cha ualimu katika mji huohuo. Sanduku lilikuwa limeshafungwa baba yao alipofariki. Akabaki, akaanza kufua mashuka, akawasomesha hao wawili mpaka wakajua kumkatiza anapoongea. Tangu hapo, akisikia muuguzi au mgonjwa ametoka mji ule, humganda kwa maswali hadi mtu anatafuta njia ya kutokea. Lakini mji wenyewe hajawahi kuutia machoni.

Basi akaipanga hiyo safari. Wakati wa chai simu haikumtoka mkononi. Yeye na mwenye nyumba ya wageni waliongea mpaka wakaanza kuitana shoga. Alijua magari hayaingii ndani ya ukuta wa zamani, akaagiza mkokoteni uwapokee langoni na mabegi yao. Ngomeni waende asubuhi kabla jua halijawa kali. Makumbusho yangoje mchana, maana kuta zake ni nene na ndani kuna ubaridi. Mwenyekiti anakoroma, kwa hiyo chumba chake kiwe mwisho wa ukumbi, na watoto wa kitinda mimba walale karibu na mama yao.

Ila roho yake ilikuwa kwenye chakula cha mchana cha Jumapili. Kuna mkahawa juu ya paa, ukikaa unauona mji wote chini yako. Aliomba meza ya pembezoni, na kiti kimoja kinachotazama mbali.

"Miaka yote nainamia mashuka ya wagonjwa," alisema. "Na mimi nikae juu, niletewe sahani, niulizwe kama nimetosheka."

Kikwazo kilikuwa mama. Mama yao, anayeishi na Waziri, hatembei. Anasafishwa, anageuzwa kitandani, analishwa. Hilo nalo Waziri alilipanga: mimi ningelala naye. Bibi huyo ananijua vizuri, ananiita mchokozi wake, na uji wangu anausifia mbele ya binti yake ili kumtia wivu. Nilibadilishana zamu na mwenzetu mmoja, nikaanza kujiona na mimi nimo katika safari.

Siku chache kabla ya kuondoka, ndugu wakakutana sebuleni. Niliitwa nionyeshwe dawa za mama. Waziri akawaeleza ratiba yote, saa ya kuamka hadi pa kunywea kahawa, nao wakapiga makofi.

"Dada, haya ni mambo ya kiserikali kabisa," Mwenyekiti alisema. Kisha akakohoa. "Ila kuna jambo dogo."

Mtu huyo akitaja jambo dogo, ujue kuna mtu ataumia.

"Mama hajaridhika kuachwa na mtu baki," alisema. "Kaniambia mwenyewe. Anasema ukiondoka wewe, yeye hatalala."

Mtu baki alikuwa mimi, nimekaa palepale na kikombe cha chai yao mkononi. Mama alikuwa chumba cha ndani, amesinzia.

"Halafu dada," kitinda mimba alidakia huku anakagua kucha zake, "wewe umeipanga vizuri mno. Hata usipokuwepo, haiharibiki."

Nilimtazama Waziri. Nilitaka apasue kitu, au aseme neno moja tu la kuwachoma.

"Kama mama kasema, basi," alijibu. Halafu akawauliza kama watoto wana kofia, kwa sababu ngomeni hakuna kivuli.

Niliweka kikombe chini nikatoka. Ningebaki, ningewatukana, na mimi nikianza sijui kufunga mdomo.

Waliondoka Ijumaa. Jumamosi sikukaa kwangu, nikashinda kwake. Simu ililia kutwa nzima. Lango ni lipi? Mwenye mkokoteni yuko wapi? Makumbusho wapite kulia au kushoto? Waziri alikuwa anamlisha mama kwa mkono mmoja na mwingine ameshika simu, akiwaelekeza: piteni kwa mshona viatu, msishuke ngazi, mkiona kisima cha zamani mmepitiliza. Mji ambao hajaukanyaga alikuwa anautembea kwa mdomo, na hakuna hata mmoja wao aliyemwambia ulivyo.

Jumapili, karibu na saa ya chakula, tulikuwa tunamwogesha mama, mimi nimemshika mabega, Waziri anamfuta mgongo kwa taulo. Bibi akafumbua macho, akatutazama mmoja mmoja.

"Wewe mbona umo humu?" alimuuliza binti yake. "Si ulisema unakwenda kutembea, na huyu mchokozi ndiye atanilaza?"

"Si ulikataa, mama?"

"Nilikataa kwa nani? Nani aliniuliza? Nilikuwa nangoja uondoke, nipumzike na amri zako."

Alicheka kidogo, akadhani na sisi tutacheka. Mkono wa Waziri ulisimama na taulo lake mgongoni kwa mama. Mimi sikuweza kujizuia. Nilimwita Mwenyekiti mwongo, nikasema na mengine ambayo hayasemwi mbele ya mtu mzima, na machozi ya hasira yakanitoka. Waziri yeye hakulia. Aliniambia tu nisipige kelele, mama atashtuka.

Hapo simu ikalia tena.

"Usipokee," nilimwambia. "Dada, safari hii iache ilie mpaka ichoke."

Akaibonyeza kwa kidole kilicholowa, akaweka sauti ya wazi kwa kuwa mikono ilikuwa na sabuni. Tulisikia upepo, vijiko, vicheko vya watoto, kisha sauti ya kitinda mimba ikiwa imechangamka.

"Dada, tumeshakaa juu! Jamani, pazuri hapa, wewe acha tu! Ila kuna kiti kimoja pembezoni hakina mtu. Mhudumu anasema meza iliagizwa hivyo, hawezi kuanza kupakua, anamngoja mwenyewe. Tumehesabiana hapa hatuelewi. Ni cha nani?"

Kitanda chake kule nyumba ya wageni alikuwa ameshapiga simu kifutwe. Kiti alikisahau, au mkono ulimwia mzito, sikumuuliza na sitamuuliza. Nyuma ya sauti ya kitinda mimba tulimsikia Mwenyekiti akisema watu wana njaa.

"Mwambie akiondoe," Waziri alisema, kwa sauti ileile ya siku zote. "Msije mkabanana bure. Na watoto wasikae ukingoni."

"Haya dada. Nilijua wewe utajua."

Simu ikakatika. Mama alikuwa amesikia yote. Akageuza uso ukutani, na Waziri akaendelea kumfuta mgongo, palepale alipokwisha kufuta.